Nani Awachague Wenye Kuchagua?

Hotuba juu ya kuteuliwa kwa wajumbe wa tume za utumishi, iliyosomwa mbele ya wanajumuiya wa Kabonga



Nimetakiwa niseme maneno machache katika hadhara hii juu ya jambo ambalo mtu akilisikia jina lake tu huweza kusinzia, nalo ni kuteuliwa kwa wajumbe wa tume ya utumishi wa mji. Mbunge tunamjua, mkuu wa komine tunamjua, na karani aliyeketi nyuma ya meza tunamjua kwa sura na kwa jina la baba yake. Lakini wale waliomweka karani yule mezani pale hatuwajui, wala aghalabu hatuulizi. Nami nadai kwenu leo kwamba hilo tusiloliuliza ndilo lenye kutuumiza au kutufaa zaidi kuliko mengi tunayoyapigia kelele.

Tazameni maisha yetu ya hapa ukingoni mwa ziwa. Mvuvi akirudi alfajiri na ndagala wake, wa kwanza kumpokea mwaloni ni mtoza ushuru. Mama akijifungua, cheti cha mtoto huandikwa na karani. Mfanyabiashara akivuka kwenda Kagunga au akitoka huko, shehena yake hupekuliwa na mtumishi wa forodha. Mgonjwa hukutana na muuguzi, na mtoto wa shule na mwalimu. Hawa wote hatukuwapigia kura, wala hawatoki uchaguzi ukipita. Viongozi huja na kuondoka; karani hubaki miaka 30 na muhuri wake mkononi. Basi ikiwa karani huyo amepata kazi kwa kustahiki, jamii nzima hustarehe. Ikiwa ameipata kwa kuwa ni shemeji ya fulani, jamii nzima hulipa mahari ya ndoa ile kila siku.

Tena jambo hili lina wakati wake. Mwaka 2023 ilitungwa nchini Burundi sheria ya kuipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komine kutoka 119 hadi 42, na mpango huo ukaanza kutumika kwa uchaguzi wa mwaka 2025. Penye ofisi tatu pakawa pa ofisi moja. Kila palipounganishwa ofisi pana meza zilizopungua na watu wanaozitazamia, na kila mmoja wao ana ndugu, ana kabila, ana dini na ana chama. Nani abaki, nani ahamishwe, nani aajiriwe upya? Maswali haya yanazungumzwa barazani, sokoni na kwenye mitumbwi. Kwa hiyo si bure kujifunza jinsi wenzetu walivyojaribu kuyajibu.

Nianze na asili ya jambo lenyewe. Zamani, na katika nchi nyingi, kazi za serikali zilikuwa zawadi. Mtawala alipoketi, aliwagawia watu wake vyeo kama mtu agawavyo nyama ya akika. Huko Uingereza mwaka 1854 mabwana wawili, Northcote na Trevelyan, waliandika taarifa iliyosema kwamba watumishi wa dola wachaguliwe kwa mitihani ya wazi, wala si kwa kujuana. Mwaka uliofuata, 1855, ikaundwa tume ya kuwapima wenye kuomba kazi. Marekani walichelewa, nao hawakuamka mpaka damu ilipomwagika. Tarehe 2 Julai 1881 mtu mmoja aliyeitwa Charles Guiteau, ambaye alijiona amekisaidia chama kilichoshinda na hivyo anastahili kupewa cheo cha ubalozi mdogo mjini Paris, alimpiga risasi Rais James Garfield. Rais akafa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Wananchi wakatanabahi kwamba desturi ya kugawa kazi kama ngawira imefikia kuua, na mwezi wa Januari 1883 ikatiwa sahihi sheria iitwayo ya Pendleton. Sheria hiyo iliweka tume ya watu watatu, na katika hao watatu wasizidi wawili wa chama kimoja.

Zingatieni sharti hilo la mwisho, kwa sababu ndani yake mna fikira kubwa. Wale waliotunga sheria hawakusema, "Tutafuteni malaika watatu." Walijua kwamba malaika hawaombi kazi. Walisema kwamba watu watatu wa kawaida, wenye mapenzi yao na chuki zao, wakikalishwa pamoja ilhali hawatoki upande mmoja, kila mmoja atakuwa jicho juu ya mwenzake.

Miaka 12 baadaye fikira hiyo ilishuka kutoka kwenye dola hadi kwenye mji. Mwaka 1895 mji wa Chicago uliikubali kwa kura ya wananchi sheria ya jimbo la Illinois iliyompa meya wa mji ruhusa ya kuteua wajumbe watatu wa tume ya utumishi. Hapa pia wasizidi wawili wa chama kimoja. Na liliongezwa jambo jingine la busara: wale wa kwanza hawakupewa muda sawa. Mmoja alipewa mwaka mmoja, wa pili miaka miwili, wa tatu miaka mitatu, na kila aliyeingia baadaye akapewa mitatu. Maana yake ni kwamba tume haitoki yote kwa siku moja, wala meya mpya hawezi kuingia leo na kesho akaipangusa ubao mzima na kuandika majina ya jamaa zake. Mwenye nyumba ya makuti anaijua hekima hii: haezui paa zima kwa mara moja, ila hubadili upande huu mwaka huu, na upande ule mwaka ujao, na mvua haimkuti wazi.

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki, maana hapa pana mifano ya karibu zaidi.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti 47 uwezo wa kuajiri watumishi wao wenyewe. Miji ya Nairobi na Mombasa kila mmoja ni kaunti kwa nafsi yake, kwa hiyo bodi ya utumishi wa umma ya kaunti hizo ni bodi ya mji. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaeleza jinsi bodi hiyo inavyoundwa. Ana mwenyekiti, na wajumbe wengine wasiopungua 3 wala kuzidi 5, na katibu ambaye lazima awe mtaalamu aliyethibitishwa wa kazi ya ukatibu. Gavana ndiye anayewapendekeza na kuwateua, lakini hawezi mpaka baraza la kaunti liwakubali. Nafasi zenyewe hushindaniwa. Mjumbe asiwe tayari ni mtumishi wa serikali. Awe na shahada ya chuo kikuu, na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 5. Na mwenyekiti miaka 10. Muda wao ni miaka 6, wala haurudiwi. Na kumwondoa mmoja wao kunahitaji sababu zilizotajwa katika Katiba na kura za asilimia 75 ya wajumbe wote wa baraza.

Nchini Uganda njia ni nyingine kidogo. Katiba ya mwaka 1995 inataka kila wilaya iwe na tume yake ya utumishi. Kamati tendaji ya wilaya hupendekeza majina, baraza la wilaya huteua, na Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa huidhinisha. Angalau mjumbe mmoja huwakilisha mamlaka za miji. Muda wao ni miaka 4, na mtu aweza kurudishwa mara moja tu. Ilipofika mwaka 2005, Katiba ikarekebishwa na uwezo wa kuwaajiri watendaji wakuu wa wilaya ukahamishwa kutoka tume za wilaya kwenda kwenye tume ya taifa.

Majirani zetu wa Tanzania, ambao kutoka hapa twaiona milima yao, wamekwenda njia ya tatu. Kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, Tume ya Utumishi wa Umma ni moja kwa nchi nzima, na Rais ndiye amteuaye mwenyekiti na makamishna wake. Kisha kwa marekebisho ya mwaka 2007 ikawekwa Sekretarieti ya Ajira, ambayo hutangaza nafasi na kuwasaili waombaji kwa niaba ya waajiri. Kijana wa Ujiji anayetaka kazi katika halmashauri ya mbali huomba kupitia hapo.

Kwetu Burundi mambo ya watumishi wa serikali yamo mikononi mwa wizara yenye kuhusika na utumishi wa umma. Mpango wetu si wa Kenya wala si wa Uganda, wala sikuja hapa kusema tuunakili wa mtu. Nguo ya jirani hupendeza mwilini mwa jirani. Lakini ukizilinganisha nchi hizi zote utaona kwamba zinajiuliza maswali manne yale yale, nayo ni kama milango minne ya nyumba moja. Mlango mmoja ukiachwa wazi, mwizi hahitaji mitatu mingine.

Mlango wa kwanza: nani anataja majina? Akiwa mtu mmoja peke yake, tume ni kivuli chake. Ndiyo maana Kenya wanataka nafasi zitangazwe na kushindaniwa, ili majina yatoke nje ya mfuko wa gavana.

Mlango wa pili: nani anakubali au kukataa? Mtaji asiwe ndiye mkubali. Gavana na baraza, wilaya na taifa. Mkono huu huandika, na mkono mwingine hupiga muhuri.

Mlango wa tatu: wanakaa kwa muda gani? Mtu mwenye kutegemea kurudishwa kazini humtazama usoni yule atakayemrudisha. Kwa sababu hiyo Wakenya walisema miaka 6 basi, ajue mapema kwamba hana cha kubembeleza. Waganda walisema 4 na tena 4, wakiona kwamba uzoefu nao ni mali. Nyote mwaweza kuhitilafiana juu ya lililo bora, na kila upande una hoja yake.

Mlango wa nne: nani anaweza kumwondoa, na kwa sababu gani? Huu ndio mlango usiotazamwa. Mjumbe anayeweza kufukuzwa kwa simu ya usiku si mjumbe, ni mtumwa. Asilimia 75 ya baraza ni ukuta mrefu, na ukuta ule umejengwa makusudi ili mjumbe apate kulala usingizi baada ya kumkatalia mkubwa.

Hapa mtu mwenye akili ataniuliza: "Je, nchi hizo zimepona kwa sheria hizo?" Ndugu zangu, ningekuwa mwongo nikisema ndiyo.

Chicago, mji ule ule wa sheria ya mwaka 1895, ulikuja kujulikana ulimwenguni kwa kugawa kazi kwa watu wa chama. Tume ilikuwapo, na mitihani ilikuwapo katika kitabu. Lakini wakubwa walipata ufa: waliajiri watu "wa muda", ambao hawakupaswa kupita kwenye mtihani, kisha wakawahuisha tena na tena mpaka wa muda akazeeka kazini. Mwaka 1969 mwanasheria mmoja, Michael Shakman, alikwenda mahakamani kuupinga mtindo huo, na kesi ile ikazaa amri za mahakama ambazo usimamizi wake juu ya mji haukuondolewa mpaka mwaka 2014. Hesabuni wenyewe: kutoka 1969 hadi 2014 ni miaka 45. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wale walijenga ukuta kwa muda wa nusu karne.

Kenya nako sheria ile ya 2012 inaagiza kwamba katika nafasi za kuanzia kazi, zisizopungua asilimia 30 zipewe watu wasiotoka kabila lenye wingi katika kaunti. Agizo zuri, kwa kuwa mji ni wa wote wanaoishi ndani yake. Lakini Tume ya Mshikamano na Uwiano ya nchi hiyo ilipokagua kaunti zote na kutoa taarifa mwaka 2016, ilikuta kaunti 15 tu kati ya 47 zimelitimiza agizo hilo. Kaunti 32 zilizobaki nazo zina bodi zenye mwenyekiti, wajumbe na katibu, na kila mmoja wao alikula kiapo. Kumbe kuwa na tume ni jambo moja, na tume kuwa na watu ni jambo la pili.

Na hapo ndipo nilipotaka tufike. Sheria yaweza kueleza umri, shahada na muda. Haiwezi kueleza moyo. Kazi ya kuutafuta moyo ule ni ya wale wenye kutaja majina, na katika mji mdogo kama wetu wenye kutaja majina, kwa njia hii au ile, ni sisi: wazee, viongozi wa dini, walimu, wakuu wa vyama vya wavuvi na wafanyabiashara. Mkuu anapotaka mtu wa kuingia katika kamati, huuliza, "Waislamu wana mtu gani?" Naye hupewa jina. Jina hilo hutoka wapi?

Ruhusa yenu niseme jambo lenye uchungu. Sisi Waswahili wa mwambao huu tuna historia yetu na ofisi. Wazee wetu walikuwa watu wa safari, wa biashara na wa ufundi. Wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa za wamisionari, na mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe asije akarudi na jina jingine. Hofu ile ilikuwa na sababu, wala siwalaumu marehemu wetu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, watoto wa wengine walikuwa na vyeti vya kuingilia ofisini, na wetu walikuwa na mizani ya dukani. Tangu hapo tumezoea kuziona ofisi kama nyumba ya watu, tukibisha mlango kwa adabu na kungoja nje.

Nchi yenyewe nayo ilipata kuonja uchungu wa kazi kuwa za upande mmoja. Hayo hayahitaji kuelezwa hapa, kwa kuwa hakuna nyumba isiyoyajua, na wengi mliopo mlipata kuyakimbia mkavuka ziwa hili hili. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitazama jambo hilo usoni. Katiba ya mwaka 2005 iliyofuata ikaweka hesabu: katika serikali Wahutu wasizidi asilimia 60 wala Watutsi asilimia 40, na wanawake wasipungue asilimia 30, na wakuu wa komine wa kabila moja wasizidi asilimia 67 katika nchi nzima. Katiba ya mwaka 2018 iliendeleza hesabu ya 60 na 40 katika serikali. Hesabu hizo zilikuwa dawa ya jeraha, na jeraha lilikuwa la kweli. Lakini tukumbuke kwamba dawa humhakikishia mtu nafasi ya kuingia. Haimhakikishii mwananchi kwamba aliyeingia atamtendea haki. Mtoza ushuru wa kabila langu akinidhulumu, nimedhulumiwa vile vile, na kilichoongezeka ni aibu ya kunyamaza.

Kwa hiyo hoja ninayoisikia mara nyingi, hasa kwa vijana, yanipasa niijibu. Wao husema: "Wengine hupeana. Kila mwenye cheo humwita ndugu yake. Sisi tukisema habari ya kustahiki, tutabaki na kustahiki kwetu mikononi hali meza zimejaa. Dawa ya moto ni moto. Nasi tukipata mmoja ndani ya tume, na atuvutie wetu."

Sidharau hoja hii, kwa kuwa ina njaa ndani yake, na njaa haidharauliwi. Kijana aliyehitimu, na cheti chake kikaanza kufifia ndani ya sanduku, hawezi kushibishwa na mawaidha. Lakini naomba tupige hesabu kama wafanyabiashara, maana hiyo ndiyo hesabu tuijuayo. Sisi ni wachache nchini. Mchezo wa kuvutana ni mchezo wa wenye wingi: mwenye watu kumi ndani atavuta mia, na mwenye mmoja atavuta wanne, kisha atashikwa kwa wanne hao huku wale mia wakitazama. Mtu mchache hana ngao nyingine isipokuwa kanuni iliyoandikwa na kufuatwa. Mtihani ulio wazi hauulizi jina la baba. Nafasi iliyobandikwa ukutani husomwa na kila mwenye macho. Kila siku kanuni inapovunjwa kwa faida yetu, tumeivunja ngao yetu wenyewe, na kesho tutakapoihitaji tutaikuta vipande.

Na dini yetu haikutuacha bila mfano katika jambo hili. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha, na desturi ya kuutunza ilikuwa ya ukoo wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuchukua akaingia. Alipotoka, waliusogelea ufunguo ule watu wa nyumba yake mwenyewe wakitamani heshima hiyo, na katika wapokezi wapo wanaomtaja ami yake, Abbas. Mji ulikuwa wake, ushindi ulikuwa wake, na aliyeomba ni damu yake. Naye akamwita Uthman bin Talha akamrudishia ufunguo. Wafasiri wengi wanaifungamanisha habari hiyo na aya ya 58 ya Suratun Nisaa, yenye kuamrisha amana zifikishwe kwa wanaozistahiki. Mpaka leo ufunguo uko kwa ukoo ule. Ni nani miongoni mwetu atakayesema kwamba cheo cha tume ya mji ni kizito kuliko ufunguo wa Al-Kaaba, hata ami akose huko na apate hapa?

Tena katika Suratul Qasas twasoma habari ya binti aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, naye akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Zote mbili kwa pamoja. Mwaminifu asiyejua kazi huharibu kwa nia njema. Na mjuzi asiye mwaminifu huharibu kwa ustadi. Tume ya utumishi imewekwa kuwatafuta watu wenye sifa hizo mbili. Je, itawatafutaje ikiwa wajumbe wake wenyewe hawanazo?

Basi naomba kupendekeza kwa Jumuiya yetu mambo machache, ili hotuba hii isiwe upepo.

Kwanza, siku tutakapoombwa jina la mtu wa kuingia katika kamati au tume yoyote, tuandike sifa kabla ya kuandika majina. Tukianza na jina, sifa zitakatwa na kushonwa kumfuata yeye kama kanzu ya fundi.

Pili, habari ya nafasi isiishie safu ya mbele ya msikiti. Itangazwe baada ya sala ya Ijumaa, itangazwe kwa kina mama, ibandikwe sokoni na mwaloni. Wapo watu wanyamavu wenye sifa, nao huwa hawajui kwamba nafasi ilikuwapo mpaka imekwisha kupewa mwenye sauti. Penye miti hapana wajenzi, walisema wazee. Lakini mara nyingine wajenzi wapo, ila hawakuitwa.

Tatu, mwenye undugu na anayetajwa aseme, kisha atoke nje wakati wa kuamua. Asione haya, kutoka kwake ni kumhifadhi ndugu yake na maneno ya watu.

Nne, tusimtaje mtu mwenye zabuni au deni na ofisi atakayoisimamia. Mkono ulioshika mizani usiwe ndio unaouza.

Tano, wanawake watajwe kwa sifa zao. Anayejua jinsi zahanati inavyomtendea mgonjwa ni yule aliyekaa kwenye foleni na mtoto mgongoni, na huyo aghalabu ni mama.

Sita, na hili ni gumu kuliko yote: tukishampeleka mtu wetu, tumwache. Tusimpelekee vikaratasi vya "huyu ni kijana wetu, mtazame". Tusimngojee mlangoni baada ya magharibi. Tusimlaumu arusini kwamba amewasahau watu wake. Watu wengi wema waliingia ofisini safi, na waliowachafua ni jamaa zao wenyewe kwa heshima na mapenzi. Kumheshimu mtu aliyepewa amana ni kutomwomba ile amana.

Kwa vijana nina neno moja. Mlango wa haki ukifunguliwa, unamfaa aliye tayari kuingia. Someni Kirundi cha kuandika barua, someni Kifaransa cha sheria, wala Kiswahili chenu msikidharau, kwa kuwa tangu mwaka 2007 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na lugha hii tuliyoirithi bure wenzetu wanaisomea kwa fedha. Andikisheni vyeti vyenu mapema. Anayelalamika kwamba mtihani haukuwa wa haki asikilizwe. Na asikilizwe zaidi yule aliyeufanya.

Wazee wangu na ndugu zangu, kuna miji iliyobomolewa na vita, na kuna miji iliyobomolewa na makarani. Ya kwanza huonekana kwa moshi. Ya pili hubomoka kimya: cheti kilichocheleweshwa mpaka kikatolewa kitu kidogo, ushuru uliotozwa mara mbili, mtoto aliyefaulu na nafasi yake akapewa mwingine. Hakuna hata moja katika hayo litakaloandikwa gazetini. Lakini ukilifuata kila moja hadi asili yake, utafika kwenye chumba walimoketi watu watatu au watano wakamchagua mtu. Na nyuma ya chumba hicho utakuta chumba kingine, ambamo wale watatu au watano walichaguliwa. Chumba hicho cha nyuma wakati mwingine ni hiki tulichoketi sasa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuzifikisha amana, awape wenye kututawala uadilifu, awarehemu wazee wetu waliotutangulia katika mwambao huu, na aijaalie nchi yetu amani.